Idara ya Mambo ya Kale ya Tanganyika: Tusimhukumu Chittick kwa Imani Yake Tu

Idara ya Mambo ya Kale iliyoundwa na Waingereza Tanganyika mwaka 1957 inashutumiwa kwamba ilimnyang'anya Mswahili miji yake na kuwapa wageni. Shutuma hiyo ina msingi. Mkuu wake wa kwanza, Neville Chittick, aliamini kwamba ustaarabu wa pwani uliletwa kutoka ng'ambo. Macho yake yalivutwa zaidi na mawe: Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, na kasri la Husuni Kubwa lenye birika la pembe nane.

Lakini tukiishia hapo tunamwonea. Uchimbaji wa Kilwa, ulioendelea hadi miaka ya 1960 chini ya taasisi ya utafiti ya Waingereza, ulishuka chini ya mawe hayo, tabaka kwa tabaka. Huko kulikutwa mabaki ya nyumba za miti na udongo, mavi ya chuma (takataka za kuyeyushia chuma), na vigae vya vyungu vya kienyeji. Mtu aliyetaka kutetea imani yake tu angebaki na kaure ya China, vingine akavimwaga. Chittick alivichora, akavipanga, na mwaka 1974 akavichapisha. Ushahidi wa kumpinga aliutoa mwenyewe! Wanaakiolojia waliokuja baadaye, akiwemo Mtanzania Felix Chami, wameijenga hoja ya asili ya Kiafrika ya miji hii juu ya vigae vya aina hiyohiyo.

Tazama pia sarafu za shaba za Ali bin al-Hasan. Masimulizi ya Kilwa yanamweka Ali huyo, mwanzilishi Mshirazi wa utawala wa Kilwa, katika karne ya 10. Chittick, kwa kufuata matabaka, alimsogeza hadi mwishoni mwa karne ya 12. Kisha mwaka 1984 ikafukuliwa hazina ya sarafu zaidi ya 2,000, zikiwemo za Ali, huko Mtambwe Mkuu, Pemba, naye akarudishwa karne ya 11. Chittick alikosea, ndiyo, ila alikosea hadharani, ushahidi wake ukiwa umechapishwa, hivyo aliyetaka kumbishia alikuwa na pa kuanzia.

Lawama nzito zaidi, kwangu, ni ya kuchelewa. Sheria ya kuhifadhi magofu ilitungwa mwaka 1937. Idara ikaja miaka 20 baadaye, Uhuru ukiwa mlangoni. Muda wote huo magofu ya Kaole, Tongoni na Kilwa yalilindwa na karatasi tu. Hapo wakosoaji wa mkoloni mimi niko upande wao.