Niacheni na Nyungunyungu Wangu

Nasikia nyumba nzima inanisema. Eti siku hizi baba akiamka hamsalimu mtu, anakwenda moja kwa moja bustanini, anachuchumaa, anafukua udongo kwa kidole na kuuliza, "Hamjambo humo?" Sasa kosa liko wapi? Ndani nikisema hamjambo, kabla sijamaliza naulizwa hela ya kitu. Nyungunyungu nikimsalimu anajikunja kidogo, anazama zake. Hadai, hanuni, hanikumbushi niliahidi nini mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo leo nasema, na anayetaka kucheka acheke. Nawapenda nyungunyungu. Nawapenda walivyo, wenye utelezi wao na pete zao mwilini, na ule mshipi mnene shingoni unaoonyesha kwamba huyu sasa ni mtu mzima, ana shughuli zake.

Mnamuonea bure. Mkimuona mnaruka, mnaita "mdudu!", mnatafuta fimbo. Hana meno. Hana kucha. Hana macho, hana masikio, hana hata mapafu. Anapumua kwa ngozi, na ngozi ikikauka ndiyo kwaheri. Kiumbe anayekufa kwa kukauka tu, wewe mwenye viatu na kilo zako zote unamkimbia! Afadhali ungemkimbia mwenye nyumba, maana huyo ana meno na anajua unapoishi.

Na kazi anayofanya? Kazini kwetu tunakaa kikao cha kujadili kikao kijacho. Nyungunyungu hana kikao. Usiku ukiingia anapanda juu, analiuma jani lililooza kwa mdomo wake usio na jino, analivuta shimoni. Analimeza pamoja na udongo, linakwenda mpaka kwenye firigisi. Ndiyo, ana firigisi! Na humo kuna chembe za mchanga alizozimeza ndizo zinazomsagia chakula. Mimi nikikutana na punje moja ya mchanga kwenye mboga, mtaa mzima unajua. Yeye mchanga ndio mashine yake ya kusaga. Kinachotoka nyuma ni vile vifungu vidogo vya udongo laini mnavyovikanyaga bila adabu, vyenye naitrojeni na fosforasi ambazo mmea unaweza kuzitumia. Wakati huohuo njia anazochimba zinapitisha maji na hewa mpaka kwenye mizizi. Posho haombi, wala barua ya kupandishwa cheo haandiki.

Mke wangu anasema mtu mzima mwenye akili hawezi kupoteza muda kwa minyoo. Nikamwambia, mama, kuna Charles Darwin. Yule yule wa mageuzi ya viumbe. Baada ya kuizunguka dunia na kuwakosesha watu usingizi kwa hoja zake, kitabu chake cha mwisho, mwaka 1881, alikiandika juu ya nani? Juu ya nyungunyungu! Mzee aliwaweka ndani ya nyumba, kwenye vyungu vya udongo. Wakapulizwa filimbi, kimya. Wakapulizwa basuni, lile zumari nene lenye sauti nzito, kimya. Wakapigiwa kelele, kimya. Kikapigwa kinanda kwa nguvu zote, wala hawakushtuka. Lakini vyungu vilipowekwa juu ya kinanda chenyewe na noti ikagongwa, wakatumbukia mashimoni mara moja. Ndipo ikaonekana kwamba hawasikii sauti, ila mtikisiko wanaujua vizuri mno.

Fikirieni hiyo nyumba. Mwanamume mwenye ndevu hadi kifuani anawapigia minyoo muziki, na hakuna aliyeita jamaa waje wamshauri. Mimi naleta salamu tu, tayari nimeitiwa kikao cha familia.

Na hakuishia hapo. Alikata mamia ya pembetatu za karatasi akawatupia, ili aone watazivutia shimoni kwa upande gani. Mara nyingi walishika ile ncha nyembamba, ambayo ndiyo inayopita kirahisi. Kiumbe asiye na macho anajua kitu kiingie mlangoni kwa upande gani. Halafu muulizeni shemeji yangu siku tulipohamisha kabati. Darwin alipiga hesabu kwamba katika sehemu nyingi za Uingereza, kila ekari moja ina zaidi ya tani 10 za udongo zinazopita matumboni mwao na kuletwa juu kila mwaka. Tani kumi! Mimi nikibeba gunia moja naongelea mgongo hadi Ijumaa.

Tuje kwenye mapenzi, watoto wazibe masikio. Nyungunyungu ni huntha. Kila mmoja ana ya kike na ya kiume. Wanalala wawili, kichwa cha huyu kikielekea mkia wa yule, wanapeana mbegu, kisha kila mmoja anakwenda zake kutaga. Ule mshipi wa shingoni ndio unaotengeneza kifuko cha mayai. Hakuna ugomvi wa nani baba humu ndani, hakuna "mtoto wako huyo" shule ikipiga simu. Na wana jozi 5 za mishipa minene inayodunda, ambayo watu huiita mioyo. Mimi ninao mmoja, na huo mmoja naambiwa siutumii.

Sasa shemeji. Huyu bwana ana imani yake kwamba ukimkata nyungunyungu katikati unapata wawili, kwa hiyo akilima na kumkata mmoja ananiambia kwa tabasamu, "Nimekuongezea mifugo." Shemeji, nisikilize kwa mara ya mwisho. Kipande chenye kichwa kikiwa na bahati kinaweza kuota mkia mpya. Kile cha nyuma kinafurukuta kidogo halafu kinakufa. Huongezi mifugo, unaleta msiba. Na ndiyo maana nimelificha jembe nikamnunulia uma wa bustani, unaoinua udongo bila kuwachinja watu. Anasema uma ni wa kulia chakula.

Mwanangu naye anawaiba wakawe chambo. Ananiuliza kwa upole, "Baba, na leo umeamkia kwao?" kumbe anapima nipo upande gani wa bustani. Nimempa jina la Fuko, maana kule Ulaya na Marekani fuko wao ndiye adui mkubwa wa nyungunyungu chini ya ardhi. Kuna watu huko Florida, Marekani, huchomeka kigingi ardhini na kukisugua kwa chuma mpaka ardhi inanguruma, na nyungunyungu wanatoka nje mbio, wanaokotwa kwa ajili ya wavuvi. Mwaka 2008 mtafiti Kenneth Catania alionyesha kwamba ule mtikisiko unafanana na wa fuko anapochimba. Maskini wanadhani wanakimbia kifo, wanakikuta juu kimeshika ndoo. Mwanangu hiyo habari sijamwambia, na atakayemwambia tutagombana.

Usiku nawachungulia kwa tochi niliyoifunga kitambaa chekundu, maana mwanga mweupe unawafukuza na ule mwekundu hauwasumbui sana. Jirani akaona taa nyekundu inatambaa kwenye kabeji saa tano za usiku, akapiga kelele za mwizi. Nikamweleza. Nadhani angefurahi zaidi ningekuwa mwizi, kwa sababu tangu siku hiyo ananisalimu akiwa mbali, tena taratibu, namna watu wanavyomwongelesha mgonjwa. Wakati kuku wake ndio wanaokuja kwangu mchana kweupe na kuvuta raia wangu mmoja mmoja! Nyungunyungu anajishikilia shimoni kwa vinywele vyake vigumu, kuku anavuta, mimi nimesimama na kandambili mkononi sijui nimpige kuku au nimshangilie mnyonge.

Lakini shida yenyewe ni mvua. Ikinyesha wanatoka, wanatembea, wanafika kwenye njia ya saruji. Jua linatoka ghafla na wao hawana haraka. Hapo ndipo mimi navaa kazi. Nainama na mwavuli kwapani, namwokota huyu, namrudisha kwenye udongo, namfuata yule. Mmoja nilimrudisha, nikageuka, nikamkuta tena kwenye saruji, wapo wasiosaidika. Bosi akaniuliza kwa nini nimechelewa. Nikamwambia nilikuwa nawavusha wasiojiweza njiani. Akaguswa sana. Akauliza, ni wazee? Nikasema hapana, ila hawana miguu kabisa, wala hawaoni. Machozi yakamlengalenga. Sikuona haja ya kuongeza maelezo.

Sisemi hawana dosari. Kuna misitu ya kaskazini mwa Marekani na Kanada ambako barafu ya kale iliwamaliza wa asili, na miti ikazoea kuishi bila wao. Wageni walipowaleta wa Ulaya pamoja na mimea na udongo, na wavuvi wakamwaga chambo kilichobaki, jamaa walikula ile blanketi ya majani yaliyooza mpaka miche michanga ikakosa pa kulala. Kwa hiyo usiwabebe ovyo ukaenda kuwamwaga msituni. Wakae bustanini.

Au wakae kwenye ndoo yangu jikoni, ambayo ndiyo inayoleta kesi nyingine. Hao ni wale wadogo wekundu wa mboji, wanakula maganda ya mboga na masalia ya majani ya chai. Vitunguu na ndimu hawavipendi, nyama usiwape, itanuka. Ukizidisha maji wanapanda ukutani wanaondoka. Mama mkwe alifunua ile ndoo akidhani ni unga. Sitaeleza zaidi. Alivyotoka pale mlangoni nilijua kwamba yale magoti anayoyalalamikia kila siku hayana tatizo lolote.

Kikao cha familia kimepangwa jioni hii. Ajenda ni mimi. Nimejiandaa, nitawaambia hivi, kwanza... Nani huyo yuko kwenye matuta? Shemeji! Hilo jembe umelitoa wapi? Shemeji, liweke chini! Liweke chini nimesema, usipige hapo, hapo kuna wajawazito!