Karanga Mwiko, Vichwa Ruksa

Jamani, hapa Uingereza hakuna kitu kinachoogopwa na shule kama karanga, kisa mzio. Usinibishie. Ililetwa fomu nyumbani, darasa la binti yangu linakwenda York kujifunza historia, na karanga zimetajwa kabla hata ya jina la mji wenyewe. Usilete karanga, usilete siagi ya karanga, usilete biskuti iliyopita jirani na karanga kiwandani. Chini yake orodha ya hatari: kuteleza, kujikwaa, mvua, mto, njiwa. Njiwa! Mwisho kabisa wanaomba wazazi wa kujitolea kuchunga watoto, na mama watoto keshajaza jina langu.

"Si uko zamu ya usiku? Mchana unafanya nini?"

"Mchana nalala."

"Basi utalala kwenye basi."

Kulala gani? Nilikabidhiwa watoto sita, kizibao cha reflekta na ndoo. Kazi ya ndoo niliijua tulipoingia barabara kuu. Kutoka Leeds mpaka York si mbali, ila tumbo la mtoto aliyepiga maziwa ya chokoleti asubuhi asubuhi halijui umbali.

York yenyewe, niseme ukweli, ni mji wa haja. Warumi waliuanzisha mwaka 71, na kuta za kuuzunguka bado zipo, kilomita tatu na ushee, na watu wanatembea juu yake. Sasa sikiliza. Watoto hawa hawa, ambao uwanja wao wa shule umetandikwa mpira wasichubuke magoti, tukawapandisha juu ya ukuta, njia nyembamba, mawe yamelowa, na sehemu nyingine upande wa ndani hakuna hata kamba ya kuanikia nguo. Mwalimu akaniambia niwasihi tu wasikimbie. Mimi ninayeogopa kupanda kwenye stuli kubadilisha balbu! Nilitembea nimeshika kofia za makoti yao, mbili kila mkono, wawili waliobaki nawashika kwa macho.

Tukateremkia lango la Micklegate. Hapa, anasema mwalimu kwa sauti ile ya kubembelezea vichanga, ndipo vilipokuwa vikitundikwa vichwa vya watu. Mwaka 1460 kikatundikwa cha Richard, Duke wa York, aliyeutaka ufalme, na maadui zake wakakivika taji la karatasi kumkejeli. Watoto wakashangilia. Baada ya hapo mwalimu akagawa karatasi za manjano na mikasi ya plastiki isiyokata hata mkate, kwa sababu mkasi wa chuma ni hatari, ili kila mmoja atengeneze taji lake. Nikabaki nawatazama wanangu sita, mataji kichwani, wanabishana nani kichwa chake kitundikwe juu zaidi.

Ikaja Shambles, mtaa wa wachinjaji wa zamani. Nyumba za mbao zimeinama mpaka za upande huu na za upande ule zinataka kugusana, halmashauri yetu ingekuwa ilishazipiga alama ya X nyekundu zamani. Kulabu za kutundikia nyama bado zimo ukutani. Nyama sasa hakuna, ni peremende na fimbo za uchawi. Nikawaza, angalau hapa tutapumua. Wapi! Mwalimu akatusimamisha kwa habari ya Margaret Clitherow, mke wa mchinjaji, aliyewaficha mapadri wa Kikatoliki wakati dini hiyo ilipigwa marufuku. Mwaka 1586 wakamlaza chini, wakamwekea mlango juu yake, na juu ya mlango wakapanga mawe mpaka akafa. Mtoto mmoja wa kundi langu akanyoosha mkono kuuliza kama mlango ulikuwa wa kwao au wa jirani. Wa kwao. Akaridhika, akaendelea kulamba peremende, ambayo mwalimu alikuwa amesoma karatasi yake nzima kuhakikisha haina karanga.

Kwenye kanisa kuu, lile wanaloita Minster, nilipata unafuu kidogo. Walilijenga kuanzia mwaka 1220 wakalimaliza 1472. Miaka 252! Nikatoa simu nimtumie fundi wangu wa Chanika ujumbe wa kumwomba radhi, maana namsumbua kwa lenta ya miaka miwili tu. Kisha nikakumbuka hela zangu alizokula, nikairudisha mfukoni. Ndani kuna dirisha la vioo vya rangi la upande wa mashariki, kazi ya John Thornton, kubwa kama kiwanja, linaonyesha mwisho wa dunia na wanyama wenye vichwa saba. Watoto wakapewa karatasi wahesabu vichwa. Siku nzima ni vichwa tu!

Nje kuna sanamu ya Constantine, aliyetangazwa kuwa kaisari wa Warumi papo hapo York mwaka 306. Lakini aliyenigusa mimi ni mwingine, Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna, ambayo leo ni Libya. Mwafrika mwenzetu, kaisari mzima, alikuja kupigana na watu wa kaskazini akafia York mwaka 211. Wanasema ni maradhi. Mimi niliyesimama pale upepo unatoka mtoni, soksi zimelowa, najua kilichomwua.

Chakula cha mchana tukakilia bustanini, kwenye magofu ya abasia, yaani nyumba ya watawa, ya Mtakatifu Maria. Wenzangu wana mikate ya jibini. Mimi nikafungua sambusa za mama watoto. Mwalimu akafika kabla sijamaliza ya kwanza. Ndani kuna nini? Nyama. Na nini? Kitunguu. Ufuta? Hakuna. Mafuta ya nini? Nikampigia mke wangu simu aeleze mwenyewe. Alizeti. Tukaruhusiwa, mimi na sambusa zangu, kukaa benchi la pembeni, pamoja na njiwa.

Sasa nije kwenye makumbusho ya Jorvik. Waviking, wale wavamizi wa baharini kutoka Skandinavia, waliuteka mji huu mwaka 866, na chini ya ardhi, pale walipochimbua mtaa wao, wamejenga mahali unakaa kwenye vigari unapitishwa katikati ya sanamu za watu wao: huyu anavua samaki, yule yuko chooni anasukuma. Halafu wanakupulizia harufu. Nasema kweli, kuna mtu analipwa mshahara kuhakikisha choo cha miaka elfu kinanuka inavyotakiwa, na sisi tumelipa kiingilio tunuse. Hapo kwetu ukiacha choo kinuke bwana afya anakuja na karatasi ya faini.

Na kilele cha yote kiko kwenye kabati la kioo, kimewashiwa taa: kinyesi. Cha Mviking mmoja, kimegeuka jiwe, sentimita 20, kilipatikana mwaka 1972 chini ya mahali palipokuwa panajengwa benki. Wataalamu wamekipima wakaona bwana yule alikula nyama na mkate, mboga hakuwa na habari nazo, na tumbo lake lilijaa mayai ya minyoo. Mwaka 2003 kilianguka kikavunjika vipande vitatu. Wakakaa chini, watu wazima wenye digrii, wakakiunga na gundi. Binti yangu akabandika pua kwenye kioo. Mwalimu akamkimbilia na dawa ya kunawia mikono, maana kioo kimeshikwashikwa na watu.

Tukamalizia dukani, kila mtoto na pauni zake tano. Wote sita wakanunua silaha. Panga nne, mashoka mawili, ya mbao na ya mpira. Nikamwonyesha mwalimu, nikitegemea atapiga marufuku. Akayageuza moja baada ya jingine, akatafuta palipoandikwa yametengenezwa kwa nini, akasema vizuri sana, hayana mpira wa asili, kuna mwenye mzio.

Kwenye basi akapita kukagua mikanda. Wote wamefunga, shoka mapajani. Hatujatoka hata mjini, upanga ukanipata sikioni kutoka kiti cha nyuma. Mama watoto ananipigia kuuliza kama nimelala.