Farasi Mzima, Saisi Ndiye Anachechemea

Mimi ni saisi, mtunza farasi. Nalisha, naogesha, napiga brashi, nazoa mavi, mambo ya bei sijawahi kuulizwa na sikuwa na hamu ya kuulizwa. Sasa Madam, mwenye farasi, akapata kazi Uingereza, ghafla tu, na kumpeleka farasi huko kutoka Nairobi si mchezo, kuna ndege, kuna karantini, kuna makaratasi yasiyoisha kwa sababu ya ule ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoletwa na visubi, ukijumlisha unaweza kununua farasi wengine na chenji ikabaki. Akaniita akaniambia, wewe ndiye unamjua, mtafutie kwao kwingine, na usimdanganye mtu hata kidogo.

Hapo pa kutodanganya ndipo vituko vilipoanzia.

Farasi mwenyewe ni wa kahawia, amehasiwa, mkubwa, alikuwa wa mbio pale Ngong Road, ule uwanja ambao umekuwepo tangu 1954 na watu wengi wanaenda Jumapili kula chipsi kuliko kuangalia farasi. Kwenye karatasi ana jina refu la kizungu, lakini hapa bandani hakuna aliyewahi kulitamka, sisi tunamwita Mheshimiwa, maana anatembea kama mtu anayeenda kufungua mradi wa maji. Akiwa bado kwenye mazoezi ya mbio aliumia kano ya mguu wa mbele wa kushoto, ile inayoshuka nyuma ya mguu chini ya goti. Madam akamchukua akiwa hivyo hivyo, na sisi tukakaa naye karibu mwaka mzima, maji baridi kwenye mguu asubuhi na jioni, bandeji, kutembezwa kwa kamba polepole, unatembea na farasi mpaka unaanza kumwambia mambo ya nyumbani kwako.

Akapona. Lakini kano iliyopona si kano mpya, ukipapasa bado kuna kinundu, na pale penye kovu hapavutiki vizuri, kwa hiyo mbio zimeisha na kuruka vile vizingiti virefu pia zimeisha. Kutembea, troti ile ya kukimbia polepole, kanta kidogo ile ya kasi kuliko troti, kufundisha watoto, hizo anafanya bila shida.

Kitu kingine ambacho hakiko kwenye cheti chochote ni kwamba ule mwaka wa ugonjwa alisoma. Kila alipochechemea alipewa karoti, sasa mpaka leo akiona tandiko linakuja anachechemea hatua chache halafu anageuka kukuangalia kama umeona. Daktari alishampima kila namna, hana kitu. Ukimfunga tandiko ukampanda anaenda sawa kabisa. Na kuna siku alisahau akachechemea mguu wa kulia.

Haya, bei. Mimi nikajiuliza, farasi ana historia ya mguu, hawezi kuruka, mwaminifu ni mtu wa kusema bei ya chini, nikaandika elfu sitini kwenye Wasap na maelezo yote, aliumia lini, mguu gani, hawezi nini. Simu zikaanza kumiminika.

Wa kwanza hakusalimia. Ana kilo ngapi? Nikamwuliza unataka kumpanda au unataka kufanya nini, akasema wewe niambie kilo tu. Nikakata. Mtu anayeuliza kilo kabla ya jina mimi simpi hata kuku.

Wa pili alikuwa bwana harusi. Anataka kuingia ukumbini juu ya farasi, amepigia watu wa kukodisha ameona bei, amepiga hesabu akaona anunue tu halafu baada ya harusi auze. Nikamwuliza, na usiku wa harusi farasi analala wapi? Akanyamaza. Akasema kuna parking.

Wa tatu ndiye mwenyewe wa hii stori. Mzee mmoja mtaratibu, binti yake anajifunza kupanda, ana miaka kama kumi na mbili. Akasoma maelezo yote, akanipigia, akauliza maswali mazuri, halafu akasema, "Kijana, elfu sitini? Huyu ana kitu hamjasema." Nikamwambia mzee tumesema yote, hata kinundu tumekisema. Akasema ndiyo, mmesema hicho ili tusiulize kile kingine. Nikaapa. Kadiri ninavyoapa ndivyo anavyozidi kuingiwa na wasiwasi. Mwisho akaniombea kheri akakata.

Nikamweleza Madam, akacheka sana, akaniambia farasi wa bei rahisi anawavutia wawili tu, mwenye nia mbaya na mwenye hofu, weka laki mbili. Nikaweka laki mbili, maelezo yale yale neno kwa neno, picha ile ile, nilibadilisha bei tu.

Kesho yake simu inaita. Mzee yule yule! Hakukumbuka kabisa. Anasema ameona farasi mzuri wa laki mbili, aliumia kano lakini amepona, na kwani hawa wa mbio ni nani hajawahi kuumia, muhimu ni jinsi alivyotunzwa, anaona huyu ametunzwa. Nikasema ndiyo mzee. Akaniambia afadhali huyu, kuna kijana alitaka kuniuzia mmoja mgonjwa wa elfu sitini. Nikasema pole sana mzee, Nairobi imeharibika.

Akasema atakuja na daktari wake wa wanyama ampime, kitu ambacho kila mnunuzi angekuwa anakifanya sisi tungekuwa na amani.

Asubuhi ya siku hiyo nikampiga Mheshimiwa brashi mpaka akang'aa, kwato nikapaka mafuta, mkia nikachana. Nikainama kutoa jiwe kwenye ukwato, nikamaliza, nikauachia mguu, na yeye akauweka chini. Akauweka juu ya kidole gumba cha mguu wangu. Farasi wa kilo mia nne na ushee anapokukanyaga hana haraka ya kutoka, unamsukuma begani na yeye anadhani unataka kuegemea, anakuegemea pia. Nilipiga kelele mpaka mbwa wakatoka. Kuvua gambuti nikaona kidole kimeshakuwa zambarau, na muda huo huo nasikia gari getini.

Nikarudisha gambuti. Ningefanyaje, saisi mwenzangu alikuwa ameenda kwao Kakamega na Madam alikuwa kwenye mambo ya viza.

Daktari mtu wa maneno machache. Akampima moyo, macho, meno, akapapasa kano yote taratibu kwa vidole viwili, akafika kwenye kinundu akasimama hapo, akakibonya. Mheshimiwa hata sikio hakutingisha. Akasema sawa, mkimbize kwa troti pale kwenye lami, nenda mpaka kwenye mti urudi.

Kwa wasiojua, farasi anapimwa hivyo kwa sababu lami haifichi kitu. Mguu wa mbele ukiwa unauma, ukigusa chini kichwa kinapanda kuukimbia uzito, ule mzima ukigusa kichwa kinashuka. Daktari anaangalia kichwa na anasikiliza mlio wa kwato, ko ko ko ko, zikiwa sawasawa ni vizuri.

Nikakimbia. Najikaza, nimeuma meno, natabasamu kwa upande wa mnunuzi. Naenda na kurudi. Daktari ananyamaza. Akasema rudia. Nikarudia, jasho linanitoka mpaka machoni. Mzee akasogea akamwuliza kwa sauti ya chini, daktari naona kama kuna kichwa kinapanda. Daktari akasema hata mimi nimekiona. Mzee akashika kiuno, akasema nilijua tu, kulia au kushoto? Daktari akasema, "Kulia. Lakini si wa farasi, ni wa huyu kijana."

Yule binti alicheka akakaa chini.

Wakanivua gambuti hapo hapo kwenye lami, daktari wa wanyama akanishika mguu, akaukunja, akauliza hapa je, nikapiga yowe, akasema mwende hospitali ya watu, na farasi akimbizwe na mtu mzima. Hakukuwa na mtu mzima mwingine ila mzee mwenyewe, na viatu vyake vya ngozi. Akashika kamba kwa heshima zote. Kwenda kulienda vizuri. Wakati wa kurudi Mheshimiwa akaona wilbaro ya chakula imeegeshwa kando, na hapo hakukuwa na troti wala kano wala historia, ilikuwa kanta ya Ngong Road Jumapili mchana, mzee nyuma ameng'ang'ania kamba anaita jina la mama yake. Daktari akaandika kwenye daftari. Nikachungulia. Ameandika: mwendo mzuri.

Alipomaliza vipimo vyake vyote, hata ule wa kumkunja farasi mguu halafu kumkimbiza, akatoa hukumu: farasi mzima kwa kazi nyepesi, mtoto apande, asirushwe vizingiti virefu. Mzee, anapangusa vumbi, akasema basi hapana, binti anataka kuruka, laki mbili kwa farasi asiyeruka ni nyingi. Daktari akafunga daftari akanigeukia mimi. Akasema, "Kama huyu hamtaki, mimi nina jike langu mzee, amebaki peke yake, anahitaji mwenzake. Mwaweza kunipunguzia?"

Uso wa mzee ulibadilika. Daktari anamtaka? Mwenyewe? Aliyepima? Akasema ngoja, nani amesema simtaki, nimesema ni nyingi, sijasema simtaki. Binti akasema baba mimi hata dresaji nitajifunza, ile ya kumwongoza farasi kwa hatua za madaha, dresaji haina kuruka. Ikaisha.

Tukampigia Madam. Na Madam kwa roho yake safi akafurahi kusikia kuna mtoto, akasema kwa hao mwambie elfu sitini inatosha, ila tuandikiane kwamba hataruka, hatakimbizwa mbio, na wakimchoka anarudi kwetu kwanza kabla ya kuuzwa popote. Nilimwekea mzee simu kwenye spika. Aliposikia elfu sitini akapauka. Akamwangalia farasi, akamwangalia daktari, akaniangalia mguu wangu.

"Elfu sitini? Kwani mmegundua nini?"

Tulibishana naye pale kwenye lami, sisi tunashusha yeye anapandisha, mpaka tukakubaliana laki moja na ishirini ili apate usingizi. Akatuma kwa M-Pesa, akasaini yale masharti yote bila kusoma, halafu akanivuta pembeni akaniomba kwenye risiti niandike laki mbili, maana kule binti anakojifunza watu wataulizana.

Madam alikataa. Basi jioni baada ya lori kuondoka, nimekaa na kidole kwenye ndoo ya maji baridi, simu inaita. Mzee, anahema. Anachechemea! Kijana, ameshuka tu anachechemea!

Nikamwuliza, mzee, hapo alipo anaona tandiko? Akasema ndiyo, binti amelileta. Nikamwambia liondoeni, mpeni karoti. Nikasikia hatua, mlango, kimya, watu wananong'onezana.

Akarudi kwenye simu. Amepona. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayepiga hesabu, kama ile ofa ya elfu sitini bado ipo.