Elektrodi ukutani: wastani uaminike, mitikisiko ihojiwe

Tangu Reiss na Hanratty wa Chuo Kikuu cha Illinois walipoitumia mwanzoni mwa miaka ya 1960, mbinu ya kupima msukosuko wa kioevu kwa elektrodi (kipande cha metali kinachopitisha umeme kwenye kioevu) ukutani ina watetezi na wapinzani. Pande zote mbili zina hoja, ila kila upande unazungumzia kipimo chake: mmoja wastani, mwingine mitikisiko.

Waya wa platinamu wa milimita 0.5 hupenyezwa kwenye ukuta wa bomba, hugandishwa kwa gundi ya epoksi na kupigwa msasa hadi ulingane na ukuta. Maji hutiwa ferisianidi na ferosianidi ya potasiamu, chumvi mbili zinazobadilishana elektroni na platinamu, moli 5 kwa mita ya ujazo kila moja, pamoja na kloridi ya potasiamu kwa wingi. Volti huwekwa pale ambapo mkondo hauongezeki tena hata ukiipandisha. Hapo mkondo hutegemea tu ioni zinazoletwa na mtiririko, na hufuata kipeuo cha tatu cha mteremko wa kasi ukutani, yaani jinsi kasi inavyopanda kadiri unavyoondoka ukutani: mteremko wa 1000 kwa sekunde hutoa takriban mikroampea 8.

Watetezi wanasema kweli kwamba filamu ya moto, yaani kihisi kinachopashwa joto ili kupima mtiririko, huvujisha joto ukutani, lakini ioni hazipenyi plastiki. Hata hivyo, kipeuo hicho kina gharama: kosa la 1% kwenye mkondo huwa 3% kwenye mteremko. Epoksi ikitambaa ukingoni, eneo halisi hupungua. Lipimwe kwa kuwasha volti ghafla katika kioevu kilichotulia na kusoma mkondo unavyoshuka. Halijoto ikibadilika nyuzi moja bila kurekebishwa, kosa la mteremko hukaribia 5%. Mwanga nao huharibu ferosianidi, platinamu huchafuka na mkondo hushuka polepole. Funika tangi, pitisha naitrojeni. Asidi isiguse mchanganyiko huo kamwe, kwani hutoa gesi ya sianidi inayoua.

Ukidhibiti hayo, wastani ni wa kuaminika sana. Mitikisiko ndiyo yenye utata. Tabaka la ioni lenye unene wa mikromita 8 hivi huchelewa kuitikia, hivyo mitikisiko ya kasi hufifia. Tena, mteremko ukifika 10,000, michirizi ya kasi karibu na ukuta, yaani mistari ya maji yaendayo haraka na polepole, huachana milimita 1 tu, na waya wetu hufunika nusu ya nafasi hiyo. Waya wa milimita 0.1 hutenganisha vizuri zaidi, lakini eneo lake ni gumu kulijua. Mitikisiko inayotarajiwa ni 0.36 hadi 0.40 ya wastani; ukipata 0.25, shuku elektrodi kwanza. Na panapokuwa na mtiririko wa kurudi nyuma, elektrodi moja haioni mwelekeo: tumia mbili zilizotenganishwa kwa kihami chembamba, ulinganishe ipi ina mkondo mkubwa.