Fundi taa anapogoma kutundika

Tamthilia ikichezwa uwanjani Dar es Salaam, chini ya turubai la kukodi, ugomvi huanza kabla ya mazoezi ya mwisho. Mwongozaji anataka taa zifungwe kwenye mabomba ya turubai, maana yapo na yameshalipiwa. Fundi anagoma. Anadai fremu ya alumini yenye miguu yake, pamoja na uzito wa kuishikilia. Basi anaambiwa anakula bajeti, au anajifanya yuko Ulaya.

Mwongozaji ana hoja. Kikundi kidogo kikikodi fremu, posho za waigizaji ndizo zinazopungua. Anaweza pia kusema taa ziwekwe kwenye stendi pembeni, na kwa igizo la watu wawili inatosha. Lakini jukwaa likijaa, mwanga wa chini unatupa vivuli vya waigizaji kwenye pazia la nyuma na mmoja anamziba mwenzake. Ndiyo maana mafundi hupenda taa ya mbele ishuke usoni kwa nyuzi 45 hivi, na hapo lazima kitu kining'inie juu.

Kining'inie wapi? Turubai la harusi limeundwa kuzuia jua na mvua. Bomba lake linabeba kitambaa tu. Mzigo uleule ukikusanywa katikati ya bomba, nguvu ya kulipinda ni mara mbili ya ile ambayo ingekuwapo kama umesambazwa sawasawa. Na katikati ndipo kila mwongozaji anapotaka taa kubwa ikae!

Halafu kuna upepo. Watu hudhani ukiongezeka maradufu, msukumo nao unaongezeka maradufu. Hapana, ni mara 4. Ukiwa mara tatu, msukumo ni mara 9. Turubai lenye kuta msimu wa kusi ni tanga lisilo na nahodha, na vigingi vyake vimechomekwa kwenye mchanga. Tarehe 13 Agosti 2011, kwenye maonyesho ya jimbo la Indiana, Marekani, upepo wa dhoruba uliangusha paa la jukwaa lililobeba taa na spika, na watu 7 wakafa. Paa lile lilikuwa limefungwa kwa waya kwenye vitalu vya zege, na vitalu vikaburutwa. Nchi yenye wahandisi wengi kiasi kile! Kwa hiyo fundi anayeuliza "uzito uko wapi?" hajivuni. Tena uzito wenyewe si lazima uwe ghali: tangi la lita 1000 likijazwa maji ni tani moja, na kesho yake unafungulia bomba.

Anapokosea fundi ni kwenye idadi. Taa ya zamani ya wati 1000 kwa umeme wetu wa volti 230 inavuta zaidi ya ampia 4. Tatu tu zimeshamaliza soketi ya ampia 13. Za LED zinakula sehemu ndogo ya hapo, lakini bado utakuta orodha ya taa ishirini na kitu kwa igizo la sebuleni, lenye kochi moja na mlango mmoja. Zikipungua, fremu inakuwa fupi, genereta dogo, na kodi inashuka. Kwenye orodha hiyo mwongozaji ambane fundi wake, taa moja baada ya nyingine, aeleze kila moja inammulika nani.