MGA na lokinati zake: zirudi zile zile au ununue mpya?

Chukua MGA, kale kagari ka viti viwili kalikotengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1955 mpaka 1962, zilitoka zaidi ya laki moja pale. Ukiifungua yote hadi chasisi ibaki tupu utajikuta na ndoo mbili tatu za bolti na nati zimejaa grisi na kutu, na humo ndani kuna lokinati, yaani zile nati zinazojishika zenyewe kwenye uzi wa bolti bila spring washa wala spilti pini. Hapo ndo ugomvi unapoanza. Kuna jamaa watakwambia kila nati iliyotoka kiwandani irudi palepale ilipokuwa, la sivyo gari lako ni la kuungaunga, na kuna wengine watakwambia we mtu una akili kweli, unaenda kufunga propela shafti, ile inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, kwa nati ya miaka 60?

Wote wana hoja. Ila mi naona wote wawili wanaruka hatua moja, kwamba kabla hujabishana irudi au isirudi, una uhakika gani hiyo uliyoshika ndo ya kiwandani?

Maana hilo gari limeshapita mikono mingapi. Kuna fundi alifungua springi za nyuma labda 1974, akapoteza nati moja chini ya gari akachukua nyingine kwenye kopo lake, na hiyo nayo imepata kutu yake, leo ukiiangalia unaona ni babu kama wenzake. Uzee sio ushahidi. Kitu cha kuangalia ni umbo, uzi na rangi ya chuma, na inabidi viangaliwe vyote kwa pamoja.

Tuanze na umbo maana ndo lenye mambo. Nyloc kila mtu anaijua, ina pete ya nailoni juu, bolti ikifika pale inajichimbia njia yake ndani ya nailoni na nailoni inaibana. Zilitoka kampuni ya Simmonds iliyokuwa ya vifaa vya ndege, na pete zenyewe zilianza na fiba, nailoni ikaja baadaye. Halafu kuna Aerotight, na hii ndo wengi wanaitupa bila kujua, kwa sababu ni chuma kitupu na juu imekatwa ikabaki kama mikono miwili iliyobonyezwa kidogo, mtu anadhani imepondwa na nyundo. Kumbe ndivyo ilivyotengenezwa! Ile mikono ndo springi yenyewe. Philidas nayo ni chuma kitupu ila juu ina kichwa cha duara chenye mikato ya ubavuni, na Cleveloc ina shingo fupi iliyobinywa kutoka duara ikawa na umbo la yai, inabidi uigeuze kwenye mwanga ndo uone.

Kitabu cha spea kinasaidia ila kina mwisho wake. Vitabu vya BMC, kampuni iliyokuwa inamiliki MG, lokinati zilipewa namba zinazoanzia LNZ na nati za kawaida FNZ, na tarakimu mbili za mwisho zinahesabu sehemu za 16 za inchi, kwa hiyo 05 ni 5/16 na 06 ni 3/8. Safi kabisa, unajua mahali fulani palitakiwa lokinati ya saizi fulani. Lakini namba yenyewe haikwambii ilikuwa Aerotight au Nyloc, na kiwanda kile kilikuwa kinanunua kwa wasambazaji wengi, hakuna aliyekaa Abingdon kuhakikisha nati ya kushoto inafanana na ya kulia, kijana wa kwenye laini anachota kwenye boksi lililo mbele yake basi. Ndo maana mi nashangaa mtu anapokuja na orodha kwamba MGA ya mwezi fulani ilikuwa na nati aina fulani tu. Gari ambalo halijawahi kuguswa lingeweza kumtoa jasho huyo mtu.

Uzi sasa. Mwaka 1948 Uingereza, Marekani na Kanada walikubaliana kuwa na nyuzi za aina moja, ndo hizi UNF, yenye uzi mwembamba, na UNC, yenye uzi mnene, na MGA ikazaliwa kwenye zama hizo. Gari lililoitangulia, MG TF, ni kichekesho, chasisi ina uzi wa zamani wa Kiingereza, BSF, halafu injini ina uzi wa milimita uliovishwa vichwa vya saizi za Whitworth, kipimo cha zamani cha Uingereza, kwa sababu kile kiwanda cha injini cha Coventry kilikuwa cha Wafaransa wa Hotchkiss kabla Morris, mwenye kampuni ya magari ya Morris, hajakichukua 1923, mashine zikabaki za milimita ila vichwa vikafuata spana walizokuwa nazo mafundi wa Uingereza. Sisi tuliokulia kwenye gereji za Land Rover tunajua habari ya spana za inchi, ila hiyo ya TF imezidi.

Kwa nini naleta habari ya uzi kwenye mambo ya lokinati? Kwa sababu kuna mtego. Bolti ya 5/16 ya UNF ina nyuzi 24 kwa inchi, ya BSF ina 22. Ukichanganya, nati inaingia mizunguko miwili mitatu vizuri tu halafu inaanza kukaza, na mtu aliyekuwa anatafuta lokinati anafurahi, ahaa, hii inajishika! Haijishiki ndugu yangu, inakula uzi. Kwa hiyo pima kwanza uzi kwa geji yake, halafu angalia ubavuni mwa nati, za UNF na UNC za zama hizo mara nyingi zina vijiduara vimeungana kwenye upande mmoja. Ukikuta nati imechapwa 8 au 10, hiyo ni ya milimita, imekuja juzi juzi, iweke pembeni.

Rangi ya chuma nitaipitia haraka. Nyingi zilipakwa kadimiamu, metali ya kuzuia kutu, ina mng'ao wa kijivu uliotulia, wakati zinki ya siku hizi inametameta kama sufuria mpya. Ila kadimiamu ni sumu, usiichome kwa gesi eti unalegeza nati, moshi wake ni hatari kwelikweli.

Haya, turudi kwenye ugomvi. Wa upande wa uasili wana hoja nzito kuliko wanavyopewa. Nati ya zamani ni ushahidi, ukishaitupa hakuna atakayejua tena gari lilifungwaje, na picha haionyeshi kila kitu. Halafu sio kila kipya ni bora, kuna Nyloc za bei rahisi zinaletwa siku hizi ukizifunga mara moja tu pete inazunguka ndani ya nati. Hiyo ni kweli, na wa upande wa usalama hawapendi kuisema.

Lakini usalama nao haubembelezwi. Nailoni ikishachimbwa na bolti mara kadhaa inalegea, ikikaa karibu na ekzosi inaharibika kabisa, kikomo chake cha kazi ni kama nyuzijoto 120. Kipimo ni rahisi mno: chukua bolti safi, zungusha nati kwa vidole, ikipita mwanzo mpaka mwisho bila kuomba spana basi hiyo imebaki nati ya kawaida yenye pambo la nailoni. Aerotight inavumilia zaidi, unaweza kuirudia, ila mikono nayo inachoka na kutu ikikaa kwenye ile mikato inaitafuna kutokea ndani.

Na ile njia ya katikati, kwamba uzipeleke zote zikapakwe upya zirudi kung'aa, inasikika vizuri ila kwa Nyloc haifai. Kupaka kunataka asidi, na bolti ngumu zikishapakwa zinatakiwa kuokwa masaa kadhaa kwenye nyuzijoto karibu 200 ili kutoa haidrojeni iliyoingia kwenye chuma wakati wa kupaka, isije ikazifanya zivunjike, sasa ukitupia Nyloc humo humo unategemea nailoni ibaki na nini? Aerotight inapita, ila asidi inajificha kwenye mikato usipoisuuza vizuri.

Mi msimamo wangu ni kwamba kinachotakiwa kurudi garini ni aina ya nati, sio lazima iwe ile ile. Kitasa cha boneti, mabano ya taa, nati ya zamani irudi hata kama imechoka kidogo, ikilegea utasikia kelele tu. Springi, shokamzoba, breki na propela hapana, zile za zamani zinaingia kwenye mfuko wenye karatasi inayosema zilitoka wapi, na mfuko unakaa na gari siku likiuzwa. Mahali palipotengenezwa kwa nati ya mataji, ile yenye mikato juu ya kupitishia pini, na spilti pini yake paachwe hivyo hivyo, usilete Nyloc kwa sababu ni rahisi kufunga.

Aerotight za zamani ambazo hazijawahi kufungwa bado zinapatikana Uingereza, zimelala kwenye maboksi yao tangu zama za BMC, bei inauma. Hizo ndo ningezifunga kwenye flenji ya propela, ila baada ya kuzijaribu moja moja kwa vidole kwenye bolti safi.