Mguu unapokaza usiku: kwinini au kujinyoosha?

Mtu aliyeshinda amesimama nyuma ya meza ya nguo katika soko la Owino, Kampala, huweza kulala vizuri hadi saa nane za usiku, kisha akaamshwa na shavu la mguu lililokaza likawa gumu kama jiwe. Atakayemsimulia asubuhi atamwambia kwamba mwili umepungukiwa na maji au chumvi, hivyo ale ndizi mbivu. Ushauri huo una msingi, kwa kuwa kuharisha, kutapika na baadhi ya dawa za shinikizo la damu zinazoongeza mkojo huvuruga madini mwilini. Hata hivyo, kwa wengi kasoro hiyo haionekani hata damu ikipimwa, na vidonge vya madini ya magnesi havijawafaa sana wazee. Nayaona yana uzito zaidi maelezo yanayotazama mishipa ya fahamu: tukilala, vidole vya miguu huelekea chini, msuli wa nyuma ya mguu huwa tayari umejikunja, na msisimko mdogo tu hutosha kuubana.

Ubishi mkubwa uko kwenye kwinini, dawa ya malaria ambayo wengine huimeza ili kuzuia mkakamao huu wa msuli. Wanaoitetea hawasemi uongo, maana majaribio yameonyesha kwamba hupunguza mikakamao kwa kiasi fulani. Lakini dawa hiyohiyo huweza kushusha ghafla chembe zinazogandisha damu na kuvuruga mapigo ya moyo, na ndiyo maana mwaka 1994 Marekani ilipiga marufuku kuiuza kwa tatizo hili bila cheti cha daktari. Kwetu Uganda, ambako tumeizoea miaka mingi kwa ajili ya malaria, mazoea hayo ndiyo yanayonitia hofu: mtu humeza vidonge vilivyobaki kabatini kwa maumivu ya dakika chache.

Huko Uholanzi, utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba watu wenye zaidi ya miaka 55 waliojinyoosha kila usiku kwa wiki 6 walipungukiwa na mikakamao. Ulihusisha watu 80 tu, kwa hiyo haumalizi ubishi. Lakini kusimama mbele ya ukuta, viganja ukutani, visigino sakafuni, magoti yamenyooka, kisha kuegemea mbele taratibu, hakugharimu chochote wala hakudhuru damu. Msuli ukishabana, kuvuta vidole kuelekea gotini huulegeza.

Mguu mmoja ukivimba na kupata joto, au ukiuma kila unapotembea, hilo ni jambo jingine, na linahitaji daktari siku hiyohiyo.